Mfupa chini ya fizi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo amekuja mwalimu wa shule ya msingi, bado hajafika miaka arobaini, na meno mawili ya mbele ya chini yanacheza ukiyagusa tu kwa kioo. Picha inaonyesha mfupa umeshuka hadi nusu ya mzizi. Kinywa chake ni kisafi kuliko vingi ninavyoviona kwa siku: ukoga kidogo kwenye magego, ugaga kidogo nyuma ya meno ya mbele, basi. Mumewe alikuwa amemsindikiza. Nilimwomba naye akae kwenye kiti. Ugaga wake umejenga ukuta mzima na fizi zinavuja damu, lakini kipimo hakikuzama popote zaidi ya milimita tatu. Mfupa wake uko palepale ulipokuwa ujanani.

Mwalimu aliona nilichokiona. "Dokta, huyu mwenzangu mswaki anaukumbuka sikukuu. Mimi napiga asubuhi na usiku. Mbona yanayotaka kung'oka ni yangu?"

Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia kwamba mfupa wake unaliwa na mwili wake mwenyewe, katika kupigana na uchafu mdogo uliopo, na kwamba tutamkwangua chini ya fizi kwa ganzi. Ni kweli tupu, lakini ni jibu fupi mno kwa mtu anayepoteza meno akiwa bado kijana, tena mtu ambaye majirani watamwona mchafu. Nataka kuliandika lote hapa, kidogo kidogo, nipate maneno ya kumwambia atakaporudi.

Jumatano, 5 Februari

Nikiulizwa utafiti gani ningependa kila daktari wa meno aukariri, ningetaja wa Harald Löe na wenzake kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka, uliochapishwa mwaka 1986. Walifuatilia wafanyakazi wanaume 480, waliokuwa hawapigi mswaki, na ufuatiliaji ukahusu umri wa miaka 14 hadi 46. Wote walikuwa na ukoga, wote na ugaga, wote fizi zao zilikuwa nyekundu. Kama uchafu peke yake ndio unaokula mfupa, wangepoteza sawa.

Hawakupoteza sawa. Asilimia 8 meno yao yaliachana na mfupa kwa kasi ya kutisha. Asilimia 81 walikwenda mwendo wa kati. Asilimia 11 hawakuendelea kupita uvimbe wa fizi. Walipofika miaka 35, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza wastani wa milimita 9 hivi za mshiko wa jino, la pili kama 4, la tatu chini ya 1. Mashamba yaleyale, vinywa vichafu vilevile.

Mwalimu wangu na mumewe wamo humo. Yeye ni wa ile asilimia 8, mumewe ni wa ile 11, tofauti ni kwamba wameoana.

Simaanishi kwamba ukoga hauna hatia. Bila vijidudu hakuna ugomvi. Ninachosema ni kwamba kati ya kijidudu na mfupa kuna mtu wa tatu, naye ndiye anayeamua hasara itakuwa kubwa kiasi gani.

Jumapili, 9 Februari

Mvua tangu alfajiri, umeme hakuna, nimesoma kwa mwanga wa dirishani.

Huyo mtu wa tatu alionekana mara ya kwanza mwaka 1972, na inanifurahisha kwamba ushahidi ulitoka kwa watu wa meno. John Horton alikuwa Bethesda, Marekani, kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa meno. Yeye na wenzake, akiwemo Lawrence Raisz aliyejua mifupa kuliko wengi wa zama zake, walichukua chembe nyeupe za damu ya binadamu wakazilea kwenye vyombo. Baadhi wakazichokoza kwa kemikali ya mmea, baadhi kwa ukoga uliokwanguliwa kwenye meno ya watu, uchafu uleule ninaoutupa kwenye beseni kila siku. Kisha wakaondoa chembe zote na kubakiza majimaji yaliyokuwa yamezizunguka.

Majimaji hayo wakayamimina juu ya vipande vya mfupa wa kijusi cha panya. Mfupa ulikuwa umetiwa kalisi yenye mionzi, ili ikivuja ihesabike. Ikavuja. Osteoklasti, seli zinazobomoa mfupa, zikaamka na kufanya kazi.

Ninapolifikiria jaribio hili nasimama kila mara mahali palepale. Kwenye chombo cha mwisho hapakuwa na chembe nyeupe. Palikuwa na mfupa, na palikuwa na kitu ambacho chembe zile zilikuwa zimekitema kabla ya kuondolewa. Mfupa ulibomolewa kwa agizo, na aliyetoa agizo hakuwepo tena.

Agizo lenyewe lilichukua zaidi ya miaka kumi kutambuliwa. Mwaka 1985 ilionekana kwamba sehemu kubwa ya nguvu ile ilikuwa protini moja ndogo, interlukini-1 beta. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba TNF nayo inafanya vivyo hivyo. Hizi ni saitokini, protini ambazo seli za kinga hutumiana kupeana habari: kuna mgeni, njooni, panueni mishipa, pandisheni homa. Mwenye fizi iliyovimba anazo tele kwenye majimaji yanayotoka katikati ya jino na fizi.

Tangu nisome habari hii, ninapokwangua ugaga nauona kama sababu ya mazungumzo yanayoendelea ndani. Nikiuondoa, mazungumzo yanapungua. Kazi yangu yote kwenye fizi ni hiyo.

Alhamisi, 20 Februari

Wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho wameanza mafunzo kwetu. Mmoja ameniuliza osteoklasti inatoka wapi. Nimemsifu, kwa sababu hapo ndipo fundo lilipo.

Osteoklasti haizaliwi na mfupa. Inazaliwa na damu, kwenye uboho, katika ukoo mmoja na makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu. Kadhaa huungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Seli hiyo hujibandika juu ya mfupa kama bakuli lililofunikwa mezani, ikaziba kingo zote, kisha ndani ya nafasi ile ikamwaga asidi ya kuyeyusha kalisi na kimeng'enya cha kukata nyuzi za kolajeni. Baada ya wiki chache huacha shimo na kuondoka, na osteoblasti, seli zinazojenga mfupa, huja kulijaza kwa miezi. Ndivyo mifupa yetu inavyojifanya upya maisha yote, karibu sehemu moja ya kumi kila mwaka kwa mtu mzima. Ugonjwa ni pale shimo linapochimbwa haraka kuliko linavyojazwa.

Lakini seli za damu haziungani kuwa osteoklasti bila kuamriwa, na amri yenyewe ilijulikana mwaka 1998 tu. Timu mbili zilifika karibu kwa wakati mmoja: moja ya kampuni ya dawa Amgen huko California, nyingine ya kampuni ya maziwa Snow Brand huko Japani. Kwanza ziligundua breki. Panya walioongezewa protini fulani walikuwa na mifupa mizito isiyo ya kawaida. Protini hiyo ikaitwa OPG. Walipotafuta OPG inashika nini, wakaipata amri yenyewe, RANKL. RANKL ikigusa kipokezi chake kwenye seli changa, seli inaanza safari ya kuwa osteoklasti. OPG huidaka RANKL kabla haijafika. Mfupa unategemea uwiano wa hizo mbili kila siku.

Watafiti wa kinga walikuwa wameikuta RANKL hiyohiyo mwaka mmoja kabla, kwenye seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, bila kujua inahusiana na mfupa. Mwaka 1999 walizaliwa panya wasio nayo kabisa. Mifupa yao ilijaa na kuziba kwa kukosa wa kuichonga. Meno yao hayakuchomoza, maana jino haliwezi kutoka bila mfupa kufunguliwa njia. Na hawakuwa na tezi za limfu. Nimewaambia wanafunzi wairudie hiyo ya mwisho. Protini moja imekosekana: mfupa umeharibika, meno yamekwama na kambi za kinga hazikujengwa. Mwili haukuwahi kutenganisha mambo haya mawili, mfupa na kinga. Tuliyatenganisha sisi, kwa kuyapangia vitabu viwili.

Rudi sasa kwenye fizi ya mwalimu. Seli T na seli B zilizojazana pale zina RANKL kwenye utando wao wa nje. Interlukini-1, TNF, interlukini-6 na interlukini-17 zinawashinikiza majirani, osteoblasti na seli za kano inayoshika jino, nao watoe RANKL zaidi na OPG kidogo. Uwiano unapinduka. Vijidudu viko upande wa nje, mfupa unayeyuka upande wa ndani, na havijagusana.

Mwanafunzi wa pili akauliza kama kinga haina namna ya kujizuia. Inayo. Mwaka 2000 Hiroshi Takayanagi na wenzake Japani walionyesha kwamba interferoni gama, inayotolewa na seli T hizohizo, inaivunja amri ya RANKL ndani ya seli changa. Seli moja inaweza kutia mafuta na kukanyaga breki. Ninaamini mume wa mwalimu anakanyaga zaidi, ingawa sina kipimo cha kumwonyesha hivyo hapa kwetu.

Jumatano, 5 Machi

Mwezi umeandama, wagonjwa wanapungua mchana. Wanaokuja wanauliza yaleyale: damu ya fizi inafunguza? Mswaki wenye dawa? La fikihi namwachia shekhe. La fizi nawaambia usiku ni mrefu, wasugue baada ya futari na baada ya daku, na mswaki wa mti nao ni mzuri mtu akifika mpaka kwenye shingo ya jino.

Mzee mmoja wa sukari amekuja na fizi zimevimba kwa usaha sehemu mbili. Sukari ikiwa juu, saitokini za fizi nazo hupanda na mfupa huenda kwa kasi. Na fizi ikivimba, sukari inakuwa ngumu kushuka. Nimempeleka kliniki ya sukari kwa miguu yangu mwenyewe, ni korido moja tu.

Jumanne, 1 Aprili

Idi pili, nyumbani kwa Shangazi. Pilau, watoto, kelele. Alinipa mkono wake na nikaushika taratibu kama kawaida, maana baridi yabisi imezipinda fundo za vidole vyake zote. Anameza methotreksati mara moja kwa wiki na anaiheshimu.

Binamu yetu aliyeko Muscat amempigia simu akamwambia habari za sindano ambayo yeye anachomwa, imemrudisha jikoni. Shangazi akanivuta pembeni. "Mwanangu, wewe ni daktari. Hiyo sindano ni ya kitu gani?"

Nikamwambia ni ya kuzuia TNF. Ravinder Maini na Marc Feldmann, hospitali ya Charing Cross, London, walianza kuwachoma wagonjwa wa baridi yabisi kingamwili ya TNF mwaka 1992, watu waliokuwa wameshindikana kwa dawa nyingine. Maumivu yalipungua, uvimbe ukashuka, na baadaye ilipothibitishwa kwa picha, mifupa iliacha kumegeka kwenye viungo. Protini moja ikizuiwa, ugonjwa mzima unarudi nyuma. Kabla ya hapo wengi waliamini saitokini ni nyingi mno, kuzuia moja hakutasaidia lolote.

Nikamweleza pia kwamba maumivu na kuliwa kwa mfupa ni njia mbili. Panya wasio na RANKL walipotiwa ugonjwa wa viungo, viungo vilivimba kama vya wenzao, lakini mifupa haikumegeka. Shangazi hakulihitaji hilo, lakini alisikiliza kwa kuwa anapenda kuniona nikieleza.

Halafu likaja gumu. Marehemu mumewe aliugua kifua kikuu wakiwa nyumba moja. Bakteria wa kifua kikuu wanaweza kukaa kwenye pafu la mtu miaka bila kumwuguza, wamezungushiwa ukuta wa seli za kinga, na TNF ni mojawapo ya vitu vinavyoshikilia ukuta huo. Mwaka 2001 huko Marekani ilitolewa ripoti ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kuanza infliksimabu, mojawapo ya dawa za kuzuia TNF, wengi ndani ya miezi ya mwanzo, na kwa wengi kilikuwa kimetoka nje ya mapafu. Ndiyo maana leo mtu hupimwa kwanza kabla ya sindano, na akikutwa na bakteria waliolala huanzishiwa dawa za kuwaua.

Shangazi alikaa kimya, akakunja kanga yake. "Kwa hiyo hicho kinachonila vidole ndicho kinachonilinda kifua?"

Ndicho, nikamwambia.

Daktari wake wa viungo ndiye wa kuamua naye, na vipimo vipo. Lakini sentensi yake imenikaa. Sisi tunaoishi ambako kifua kikuu ni cha kawaida hatuwezi kuiita TNF adui, hata inapopinda vidole vya watu tunaowapenda. Dawa hizi zilijaribiwa kwanza kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamelala chumba kimoja na mkohoaji, na zikifika kwetu zinapaswa kufika pamoja na upimaji, ufuatiliaji na bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu. Vinginevyo tutaponya kidole tupoteze pafu.

Alhamisi, 17 Aprili

Barua kutoka kliniki ya saratani: mama mwenye saratani ya titi iliyosambaa kwenye mifupa, ataanza sindano ya denosumabu, naombwa nimalize kazi yote ya kinywa kwanza. Nimefurahi kwamba waliandika kabla.

Denosumabu ni kingamwili ya RANKL, yaani watu wameiga kazi ya OPG. Kwa mifupa iliyodhoofika baada ya kukoma hedhi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010, miligramu 60 kila miezi sita. Kwa saratani dozi ni kubwa zaidi na ya karibu zaidi. Inafanya kazi barabara. Lakini osteoklasti zikinyamazishwa hivyo, shimo la jino lililong'olewa huenda lisipone: mfupa wa taya unaweza kufa, ukabaki wazi kinywani kwa miezi. Na mtu wa mifupa dhaifu akiacha sindano ghafla bila dawa ya kushika nafasi yake, osteoklasti hurudi kwa wingi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mfululizo.

Nimemng'oa mabaki ya mizizi miwili leo, nimeshona, nimeandika kwenye jibu langu tusubiri mashimo yafunge. Kubomoa mfupa ni sehemu ya kuuponya, na huyu mama anahitaji ubomoaji huo wiki chache kabla hatujauzima.

Ijumaa, 9 Mei

Mwalimu amerudi kupimwa. Mifuko kati ya jino na fizi iliyokuwa na kina cha milimita saba sasa ina milimita nne, damu imekauka, meno bado yanacheza kidogo na nimeyaunganisha na wenzake kwa waya na rezini. Mfupa ulioondoka haujarudi na nilimwambia hivyo mapema, kwa uwazi. Kinachoonekana kwenye picha mpya ni ukingo wake, umekuwa mstari mweupe mkali badala ya ukungu. Huko hakuna anayechimba kwa sasa.

Safari hii tulikuwa na muda. Nilimwambia habari za Sri Lanka, na majimaji ya Bethesda. Alinisikiliza kama mwalimu anavyosikiliza, akirudia namba kwa midomo. Kisha akasema mama yake alitolewa meno yote akiwa na miaka arobaini na tano, na kijijini wakasema ni sukari guru. Nimemwomba awalete wanawe wawili waanze kupimwa kila mwaka.

Ijumaa, 23 Mei

Mjadala na wanafunzi kabla hawajaondoka. Mmoja anashikilia kwamba antibiotiki zingetosha: ua kijidudu, mfupa umepona.

Nikampa habari ya watoto wanaozaliwa na kasoro inayofanya nutrofili zao, askari wa kwanza wa kinga, zisiweze kutoka kwenye mishipa ya damu kuingia kwenye fizi. Wanapoteza mfupa wa taya utotoni. Kwa miaka ilieleweka kwamba askari hawafiki, ndipo vijidudu vinatawala; lakini antibiotiki hazikuuokoa mfupa. Kumbe nutrofili zinapofika kwenye fizi hutuliza ujumbe, na zisipofika interlukini-23 na interlukini-17 hupanda bila wa kuzishusha. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba mgonjwa mmoja wa aina hiyo alipewa dawa inayozuia interlukini-23, na fizi zilizokuwa zimevimba miaka na miaka zikatulia. Hakuna kijidudu kilichopigwa na dawa ile.

Mwingine akauliza, basi kwa nini mwili uwe na amri ya kujila? Nadhani jibu zuri kuliko yote lilitoka Tokyo mwaka 2018, kwa Masayuki Tsukasaki, Takayanagi na wenzao. Waliwafunga panya uzi kwenye jino ili fizi iugue, na wakakuta kundi la seli T zinazotoa interlukini-17 zikifanya mambo mawili: zinazuia vijidudu visipenye mwilini, na zinabomoa mfupa. Jino likilegea na kutoka, maambukizi yanakwisha, kwa kuwa mahali pa vijidudu kujificha pameondoka. Kwa mwili, jino ni bei inayolipika. Hata mimi ninapong'oa jino lililoshindikana, fizi hupona ndani ya wiki chache na harufu inakwisha, na nimefanya hivyo mara nyingi bila kujua kwamba namalizia kazi ambayo seli T zilikuwa zimeianza.

Lakini mwalimu wa miaka thelathini na kitu anahitaji meno yake, na mwili wake haujui kwamba kuna daktari nje anayeweza kuuondoa uchafu bila kulitoa jino. Hapo ndipo sisi tunaingia.

Tumekubaliana na wanafunzi, na muuguzi mkuu amekubali, kwamba kuanzia Jumatatu faili la kila mgonjwa wa fizi litaulizia sukari, sigara, meno ya wazazi na ndugu, dawa za mifupa, na kama vidole vinakakamaa asubuhi. Nafasi ya "usafi wa kinywa" itabaki, chini ya hizo.